Kusoma Shairi Mpaka Ulielewe: Mwongozo kwa Msomaji wa Bara

Ukimpa mtu shairi, mara nyingi atakutajia ujumbe wake kabla hajafika ubeti wa pili. Linahusu umoja. Linakemea rushwa. Linasifu mapenzi. Ni mazoea ya darasani, ambako dhamira na ujumbe huulizwa mapema na vina alama zake. Lakini ujumbe ndio unaoonekana mwisho. Kabla yake kuna swali dogo ambalo wengi huliona la kitoto: hapa nani anafanya nini? Asiyeweza kulijibu kwa kila mshororo hajalisoma shairi. Amelibahatisha tu, na hata akipatia, hataweza kuonyesha amepatia kwa njia gani.

Mwongozo huu unaanzia kwenye swali hilo. Msomaji tunayemfikiria yuko Dodoma, Singida au kandokando yake. Nyumbani pengine anaongea Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, na Kiswahili chake ni kizuri ingawa hakikulelewa Lamu wala Unguja. Shairi la mazoezi limetungwa kwa ajili ya kazi hii na lina mitego ya makusudi. Lisome mara moja sasa, kisha tuendelee.

*Mto huu wauona, mchanga umejitanda,*
*Mawimbi hauna tena, mbuzi kingoze wapanda,*
*Wapitao hunong'ona, mto umekwisha kwenda,*
*Piga goti ukipenda, maji utayafukua.*

*Usoni mwake hacheki, midomo imemganda,*
*Kwa maneno hashikiki, kimyani mwake hushinda,*
*Wanawe hawasadiki, kuwa moyo wawapenda,*
*Piga goti ukipenda, maji utayafukua.*

*Kijapo na kiangazi, visima vikishakonda,*
*Ndipo wajapo wajuzi, na kata na zao punda,*
*Huchota bila ajizi, na mto ukiwalinda,*
*Piga goti ukipenda, maji utayafukua.*

Vifaa na muda

Unahitaji shairi kwenye karatasi, penseli, kifutio, daftari na kamusi. Kama shairi liko kitabuni, piga kopi au linakili kwa mkono. Kunakili kuna faida ya ziada, kwa sababu mkono hauruki neno kwa urahisi kama jicho linavyoruka. Acha nafasi ya mistari miwili kati ya mshororo na mshororo, maana hapo ndipo utakapoandika. Tumia penseli wala si kalamu ya wino. Nusu ya utakayoyaandika siku ya kwanza utayafuta siku ya pili.

Ukisomea kwenye simu, ilaze. Mshororo wa mizani 16 hauenei kwenye kioo kilichosimama, hivyo simu huukata popote inapotaka, na shairi la mishororo minne kwa ubeti likaonekana la mistari minane isiyolingana. Wapo waliolihukumu shairi kuwa halina mpangilio kumbe kosa ni la kioo.

Kwa shairi la beti tatu hadi saba tenga saa moja, lakini usiitumie yote kwa mkupuo. Dakika 40 leo, 20 kesho. Akili hutatua baadhi ya mafundo yenyewe usiku, hasa yale ya sarufi.

Usomaji wa kwanza: sikio kabla ya penseli

Soma kwa sauti ya kawaida, kama unayemsomea mtu barua. Pumzika kidogo kwenye mkato wa katikati na zaidi kidogo mwishoni mwa mshororo. Usiliimbe bado. Shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, hutungwa liimbike, na mahadhi yake ni matamu, lakini kwa anayelisoma mara ya kwanza mahadhi hufanya kazi ya gari moshi: linakupitisha vituo vyote bila kukushusha. Liimbe mwishoni, ukishajua unaimba nini.

Katika usomaji huu huhitaji kuelewa. Sikiliza mambo mawili tu: sauti gani inarudi, na ulimi umejikwaa wapi. Hapa *-nda* inarudi katika kila ubeti, na ulimi wa wengi hujikwaa kwenye *kingoze* na *wawapenda*. Tia nukta pembeni mwa mishororo hiyo. Mahali ulimi unapokwama ndipo sarufi ilipobanwa, na mara nyingi ndipo maana ilipojificha.

Mifupa

Hatua hii ni fupi, na wengi huirefusha bila sababu. Hesabu mizani ya mishororo miwili au mitatu, angalia vina, kisha andika muhtasari wa mstari mmoja juu ya karatasi.

Kila silabi ni mizani moja. Anayekosea hesabu kwa kawaida amesahau kwamba *m* inayosimama yenyewe ni silabi kamili: *mto* ni m-to, mbili, *mchanga* ni m-cha-nga, tatu. Lakini *mbuzi* ni mbu-zi, mbili tu, kwa kuwa *mb* inatamkwa pamoja. Irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa kila moja peke yake: *huu* ni hu-u. Kwa hiyo:

m-to-hu-u-wa-u-o-na (8), m-cha-nga-u-me-ji-ta-nda (8).

Jumla 16. Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Mishororo minne kwa ubeti, hivyo ni tarbia. Kina cha mwisho cha mishororo mitatu ya kwanza, *-nda*, hakibadiliki, ila cha kati kinabadilika kila ubeti: *-na*, *-ki*, *-zi*. Shairi la namna hiyo huitwa ukara. Mshororo wa nne unajirudia, kwa hiyo ni kibwagizo. Basi, imetosha. Ukipata 15 au 17 mahali, hesabu upya kabla ya kumlaumu mshairi, kisha fikiria kosa la mpiga chapa. Ndipo useme ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani.

Kujua kwamba shairi ni tarbia ya ukara hakukupi maana hata chembe. Kunakupa kitu kingine: unajua mshairi alikuwa amefungwa kamba wapi. Tutaihitaji taarifa hiyo baadaye.

Nani anafanya nini

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kwa kila kitenzi, zungushia duara kiambishi cha mtendaji, kisha chora mshale hadi kwenye jina kinalolirejelea. Kama jina halimo katika mshororo huo, mshale urudi juu mpaka ulipate. Kama halipo kabisa, andika alama ya kuuliza. Usiruke kitenzi hata kimoja, hasa kile unachoona ni rahisi.

Mtego wa kwanza ni *wa-*. Katika ushairi njeo (wakati wa kitenzi) ya *-a-* hutumika sana kwa sababu inaokoa mizani moja: *unauona* ina mizani tano, *wauona* ina nne. Lakini *-a-* ikikutana na *u-* huzaa *wa-*, na ikikutana na *wa-* huzaa *wa-* vilevile. Shairi hili lina *wa-* za namna tatu. *Wauona* ni wewe unauona. *Mbuzi kingoze wapanda* ni wao, mbuzi, wanapanda. *Moyo wawapenda* ni moyo unawapenda, ambapo *wa-* ya mwanzo ni ya moyo na ya pili ni ya watoto. Asiyechora mishale husoma mshororo huo kinyume, akasema wana wanaupenda moyo. Shairi zima linapinduka hapo.

Mtego wa pili ni umiliki uliobandikwa mwishoni mwa neno. *Kingoze* ni kingo zake. Utakutana na *nduguye*, *mkonowe*, *jichole*, *kichwache*. Hutavipata kwenye kamusi vilivyo. Ondoa silabi ya mwisho, tafuta neno linalobaki, kisha rudisha *-ake* yenye upatanisho wa silabi uliyoiondoa: *ze* ni zake, *le* ni lake, *che* ni chake.

Sasa fuata viambishi vya mto. Ubeti wa kwanza: *umejitanda* ni ya mchanga, lakini *hauna* na *umekwisha* ni za mto, ngeli ya *u-*. Hakuna tatizo. Ubeti wa pili unaanza: *Usoni mwake hacheki*. Nani hacheki? *Ha-* hii ni ya *a-*, ngeli ya mtu. *Imemganda*: nani kagandwa na midomo? *-m-*, mtu. Chora mshale urudi juu kutafuta huyo mtu. Hayupo. Ubeti wa kwanza una mto, mchanga, mbuzi, wapita njia na wewe. Andika alama kubwa ya kuuliza.

Kisha ubeti wa tatu: *na mto ukiwalinda*. Tumerudi kwenye *u-*.

Kwa kiambishi kimoja umepata siri ya shairi, na hujauliza ujumbe wala tamathali. Mto umekuwa mtu kwa ubeti mzima, kisha umerudi kuwa mto. Mtu huyo ana watoto (*wanawe*), hasemi, hacheki, na moyo wake unawapenda watoto ambao hawaamini hivyo. Kwa hiyo ni mzazi. Baba au mama? Kiswahili hakitofautishi na shairi halikusema. Wengi huandika "baba" kwa sababu ya picha waliyonayo vichwani ya baba asiyecheka. Andika "mzazi" na uache hivyo. Kumjazia mshairi alichokiacha wazi ni kosa sawasawa na kuacha alichokiandika.

Maneno yenye sura mbili

Pigia mstari kila neno usilolijua, kama kawaida. Kisha, na hili ndilo wengi hawalifanyi, pigia mstari wa mawimbi kila neno unalolijua lenye maana zaidi ya moja. Neno geni halidanganyi, kwa kuwa unajua hulijui. Linalodanganya ni hili la kila siku.

*Kata* ni mfano mzuri. Mkazi wa Dodoma akilisikia anaona ofisi ya mtendaji na diwani wake. Kuna pia kitenzi kukata. Lakini watu wanaofuata maji na punda wamebeba kata ya kuchotea, ile ya kibuyu au kifuu yenye mpini. Kamusi nzuri hutenga maneno ya namna hii kwa namba. Ukifungua, usiishie kwenye namba 1. Soma zote na uchague kwa kuangalia majirani wa neno, ambao hapa ni *visima*, *punda* na *huchota*.

*Hushinda* ni kupata ushindi au kumaliza siku kutwa mahali? *Kimyani* inakuelekeza kwenye kushinda mahali. Maana ya ushindi haifukuziki kabisa lakini, na si lazima uifukuze. Iandike pembeni kwa herufi ndogo.

*Umekwisha kwenda* husemwa kwa maji yaliyopita, na husemwa pia kwa mtu aliyefariki. Wapita njia wananong'ona, na watu huunong'onea msiba, si mto.

Kwa kutafuta kitenzi kamusini, kivue nguo zote. *Hashikiki*: ondoa *ha-* ya ukanushi, ondoa *-iki* ya kutendeka, unabaki na *shik-*, tafuta *shika*. Usitafute kwenye herufi H. *Ajizi* utalikuta kama lilivyo: uvivu, uzembe.

Kilichopindwa na mizani, kilichopindwa na mshairi

Ushairi wa arudhi unamruhusu mtunzi kufupisha neno (inkisari), kulirefusha (mazida), kubadili sauti yake bila kuzidisha mizani (tabdila) na kupangua mfuatano wa maneno. Kitabuni hivi hufundishwa kama orodha ya kukariri. Msomaji anahitaji kitu kingine: namna ya kujua lini upindaji huo una maana na lini ni kamba tu ya mizani.

Fanya hivi. Nyoosha maneno yawe ya Kiswahili cha kawaida, kisha hesabu mizani na uangalie kina. Kikiharibika chochote, mizani au kina peke yake kinatosha kueleza kwa nini mtunzi alipinda, usitafute falsafa. Lakini kama maneno yaliyonyooshwa yangeenea vizuri tu na mtunzi bado akachagua kupinda, simama hapo.

*Na zao punda.* Ukinyoosha: *na punda zao*. Mizani ni ileile, ila kina cha *-nda* kimepotea. Ni kina kilichomlazimisha. Anayeandika aya nzima kuhusu umuhimu wa umiliki wa punda katika ubeti huu anapoteza wino.

*Mbuzi kingoze wapanda.* Ukinyoosha: *mbuzi kingo zake wapanda*, mizani 9. Kamba tu.

*Usoni mwake hacheki.* Mtunzi angeweza kuandika *Uso wake haucheki*: u-so-wa-ke-ha-u-che-ki, mizani 8, kina *-ki*. Inaenea kabisa, na ingebaki kwenye *u-* bila kumshtua mtu. Hakuiandika. Alitaka *a-*. Hapo pana makusudi, na hapo ndipo penye haki ya aya yako.

Picha: uliza kitu chenyewe kinavyofanya kazi

Msomaji akifika kwenye sitiari huandika: "mto ni sitiari ya mzazi." Ni kweli, ila ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza kitu hicho hufanyaje kazi duniani, nje ya shairi.

Kwa mara moja msomaji wa Dodoma ana faida kuliko wa pwani. Anayafahamu makorongo ya mchanga yanayopitisha maji majuma machache ya mvua kisha yakakauka juu. Anajua watu hufukua shimo katikati ya korongo wakati wa kiangazi na maji yakachuruzika polepole kutoka pembeni. Anajua pia kwamba mchanga unayakinga maji na jua. Bwawa la wazi hukauka upesi zaidi. Sasa rudi kwenye ubeti wa kwanza: *mchanga umejitanda*. Ulichokiona kama kaburi la mto ndicho kinachouhifadhi. Na kimya cha yule mzazi je? Jibu hilo lisingepatikana kwa kuandika "sitiari" na kusonga mbele.

Kuna mpaka wake. Mkoani kuna Mto Bubu, ambao maji yake huelekea kwenye kinamasi cha Bahi, na *bubu* kwa Kiswahili ni asiyesema. Kishawishi cha kuuingiza hapa ni kikubwa. Uache. Shairi halikuutaja, na jina linalolingana kwa bahati si ushahidi. Kanuni ya kutumia ni hii: maarifa ya jinsi kitu kinavyofanya kazi yaingize, maarifa ya kitu kingine kinachofanana nacho yaache nje.

Kibwagizo hakijirudii

Maneno yanajirudia, maana haijirudii. Kila ukifika kwenye kibwagizo kisome kana kwamba ubeti uliotangulia ndio pekee uliopo, na uandike pembeni kinamaanisha nini *hapo*.

Baada ya ubeti wa kwanza, *piga goti ukipenda* ni ushauri wa kawaida: ukitaka, piga magoti mchangani ufukue. Baada ya ubeti wa pili mambo yamebadilika. Mshororo uliotangulia umeishia kwa *wawapenda*, na mara *ukipenda* inafuata. Si "ukitaka" tena. Ni "kama una upendo". Na kupiga goti, ambako katika jamii nyingi za Tanzania ni adabu ya mdogo kumsalimia mkubwa, kumeacha kuwa mkao wa mchimbaji tu. Baada ya ubeti wa tatu maana zote mbili zipo pamoja, na waliopiga goti wanaitwa *wajuzi*.

Ukiona kibwagizo kina maana ileile katika beti zote, ama hujakisoma vizuri ama mtunzi alihitaji kujaza mshororo. Yote mawili hutokea.

Andika kwa nathari

Siku ya pili, kabla ya kusoma maelezo yako ya jana, andika shairi zima kwa lugha ya kawaida. Usitoe maoni, usiongeze "mshairi anasema". Kwa shairi letu:

"Unauona mto huu ulivyofunikwa na mchanga. Hauna mawimbi tena, mbuzi wanapanda kingo zake, na wapita njia wananong'ona kwamba mto umekwisha kwenda. Usoni mwake hacheki, midomo imemganda. Humpati kwa maneno. Hushinda katika kimya chake, na watoto wake hawasadiki kwamba moyo wake unawapenda. Kiangazi kikija na maji ya visima yakipungua, ndipo wanapokuja wanaojua, na kata zao na punda wao. Huchota bila uvivu, huku mto ukiwalinda. Ukipenda piga goti, utayafukua maji."

Mahali nathari yako inapokwama au inapohitaji neno lisilokuwepo, pigia mstari mwekundu. Hapa mshono unaonekana wazi kati ya "umekwisha kwenda" na "usoni mwake hacheki". Huwezi kuunganisha sentensi hizo bila kuongeza kitu. Shairi limeruka, nawe umeona liliporukia. Sasa, na si mapema zaidi, unaweza kuandika dhamira kwa sentensi moja. Isizidi moja. Ikihitaji tatu, rudi kwenye mishale.

Bahari usiyoiona

Sehemu kubwa ya ushairi wa kale wa Kiswahili umetungwa mwambao, na picha zake ni za majini: tanga, nanga, ngalawa, kupwa na kujaa. Msomaji wa bara atenge kurasa mbili za daftari kwa msamiati huo na aujaze kila anapokutana nao. Pepo ndizo za kuanzia. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba na kuyarudisha. Shairi likisema kaskazi imeingia, msikilizaji wa pwani alifikiria wageni na biashara, wala si baridi.

Kuwa macho na majira pia. Mwambao una vuli na masika, mvua mbili. Dodoma ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na wengi huuita masika. Masika ya shairi la pwani ni ya Machi hadi Mei.

Lahaja za kaskazini zina mtego wao: *ndia* ni njia, *mato* ni macho, *nti* ni nchi. *Ndoo* katika utenzi wa Kiamu, lahaja ya Lamu, si ya kuchotea maji. Ni njoo. Ukiona neno la kawaida haliingii akilini hata kidogo, jaribu kubadili *t* iwe *ch*, au *nd* iwe *nj*.

Tenzi zenyewe zisomwe tofauti na shairi fupi. Mishororo ni ya mizani minane, minne kwa ubeti, na kina cha mshororo wa nne hupita utenzi mzima. Usichimbe kila ubeti. Kila baada ya beti kumi andika pembeni nani yuko wapi, kama ungefanya kwa hadithi, na uchimbe pale hadithi inaposimama.

Shairi lisilo na vina

Mabishano kuhusu mashairi huru yalipamba moto miaka ya 1970, hasa mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, na bado yapo mabaraza ambayo hayajayamaliza. Msomaji hana haja ya kuchagua upande. Anahitaji kubadili chombo. Pasipo mizani ya kuhesabu, swali linakuwa: mstari umekatwa hapa kwa nini?

*Vumbi*

*limekaa kwenye kiti cha mbele*
*bila nauli.*

*Konda anamdai*
*mama mwenye kuku.*

Anayeruka jina la shairi hajui *limekaa* nini. Jina hapa ndiye mtendaji wa kitenzi cha kwanza; lisome kama mshororo. Kisha ficha mistari inayofuata kwa kiganja na ufunue mmoja mmoja, ukisimama kila mwisho. *Limekaa kwenye kiti cha mbele*: kiti cha heshima. Fungua: *bila nauli*. Heshima imepata doa. Halafu nafasi tupu, ambayo nayo inasomwa: ni muda wa konda kupita mbele ya kiti kile bila kusema neno. Jaribu sasa kuandika mistari yote kama sentensi mbili za kawaida, uone kilichopotea. Kikipotea kitu, ukataji ulikuwa na kazi.

Kusoma wawili

Ngonjera hazisomeki na mtu mmoja kimyakimya. Zimeandikwa kwa midomo miwili au zaidi, na zilipewa nguvu na Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa hapa hapa Dodoma. Gawaneni sehemu, msome mara moja, kisha mbadilishane. Katika zamu ya pili ndipo utakapogundua kwamba hoja uliyoidharau ilikuwa na nguvu. Hata shairi la kawaida hufaidika na mwenzako: yeye asome ukwapi, wewe utao. Sehemu mtakayoshindwa kupokezana ni ile ambayo sentensi imevuka mkato.

Baada ya wiki moja, bila kutazama karatasi, andika ubeti mmoja kwa kumbukumbu. Usijali makosa, ndiyo unayoyatafuta. Linganisha na shairi, neno kwa neno. Wengi wakiandika kibwagizo chetu huandika *piga goti ukitaka*. Mizani ni zilezile nane, na maana ya kwanza haijaguswa. Liandike neno lako kando ya neno la mtunzi, na chini yake uandike kilichoondoka: kina cha *-nda*, na yule mzazi wa ubeti wa pili.